Mkono wa Kuazima

Ukitoka mjini Bukavu kupanda Kadutu, kabla pumzi haijakuishia kabisa, ulikuwa unakutana na kijiwe cha Maman Euphrasie. Ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, mbabula ya mkaa, birika jeusi, na vikopo sita, kimoja kimekatika mkono na hakitakiwi na yeyote ila aliyechelewa. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, mji umebadilishiwa jina miaka michache tu, na wazee walikuwa bado wanataja lile la zamani wakijisahau. Jumapili, misa ikishatoka, wanaume wanne walikaa pale na makoti yao ya kanisani, wakinywa kahawa ya Euphrasie, ambayo wao waliiita kawa, na iliisha pale tu mwenyewe aliposema imeisha. Sheria ya ubao ilikuwa moja: ukikaa, jina lako la ubatizo unaliacha barabarani.

Kwa hiyo Constantin, aliyekuwa anapima magunia ya kahawa kwenye depo, aliitwa Mizani. Barthélemy, fundi wa mapine ya magari kwenye njia ya Muhumba, mwenye kazi ya kujaza upepo na kuupima, aliitwa Pompi. Jean-Marie, karani aliyekaa seminari miaka miwili akatoka na miwani, alikuwa Karatasi. Na Adalbert, shofere wa kamyo, lori la mizigo la njia ya Uvira, ambaye habari hii ni yake, aliitwa Pua.

Pua lilikuwa jina la heshima, na aliyelitoa ni Mizani. Mwezi mmoja nyuma Mizani alipanda kamyo ya Adalbert kwenda Uvira kumzika shemeji yake. Kwenye mteremko wa Kamanyola, kona ya tatu, pale ukitazama chini unauona mto Ruzizi umekuwa mwembamba kama uzi, Adalbert alisimamisha gari ghafla, pine la mbele limeegemea ukuta wa mlima. Akashuka, akafungua boneti, akakaa kwenye jiwe kitambo kizima. Akawaambia abiria kwamba radiatere ilikuwa inataka kuchemka na yeye ameisikia harufu yake. Mizani alichungulia, hakuona hata mvuke. Basi, mtu huyo aliporudi, alitangaza Kadutu nzima kwamba kuna shofere anayenusa maji kabla hayajachemka. Habari ikashuka mpaka Sange, ikavuka mpaka Uvira, na watu wakawa wanauliza kwanza gari ya Pua inaondoka lini.

Ila radiatere ilikuwa nzima. Siku ile yaliyozimika ni macho. Giza lilimshukia Adalbert mchana kweupe, kisogo kikamgonga, na breki aliikanyaga kwa kukisia. Hilo hakumwambia mtu, hata mke wake Adolphine. Na kila alipoitwa Pua aliitikia upesi ili yapite.

Jumapili hii alikuja na karatasi ndani ya mfuko wa shati, akawa anaugusa mfuko huo kama mtu mwenye yai. Euphrasie ndiye aliyegundua.

— Pua, mufuko yako iko na nini? Toka ufike mukono yako haitoke pale.

Akasema basi. Mwenye makamyo alikuwa ametuma wafanyakazi wake wote, mashofere na mafundi, wakapimwe kwa munganga, yaani daktari. Pompi alikuwamo, na alishatoka huko na sifa. Adalbert alipimwa Alhamisi, akaambiwa arudi Jumatatu, yaani kesho. Kama kesho namba haikushuka, atatoka kwenye usukani. Watampa rungu na kiti, alinde mlango wa depo.

— Namba ya nini? akauliza Mizani.

— Ya nguvu ya damu.

— Damu inapimwaka nguvu? Mizani alisema hivyo kwa uchungu kidogo, maana alidhani vyote vya kupimwa duniani anavijua.

Hapo Adalbert akaweka kikopo chini, na aliyoyasimulia yaliwafanya wasahau kunywa. Alisema kuna kasanduku ka mbao, ukikafungua kifuniko kinasimama, na kwenye kifuniko kuna kioo chembamba chenye namba, na ndani ya kioo kuna chuma. Chuma cha maji. Kinang'aa, kinatembea, hakilowanishi kitu. Lucien, yule enfirmie, muuguzi ambaye ni mtu wa kwao, alimfunga kitambaa juu ya kiwiko, akaminya kampira, na kitambaa kikavimba mpaka vidole vikafa ganzi. Chuma kikapanda kwenye kioo. Kisha Lucien akaanza kuachia upepo kidogo kidogo, na chuma kikawa kinashuka taratibu.

— Ilishuka, ilishuka, akasema Adalbert. Kufika pahali fulani ikaanza kuruka. Karuka kadogo, karuka kadogo. Minaangalia vizuri, minaona iko inaruka pamoja na moyo yangu. Ba ndugu, damu yangu ilikuwa inasukuma chuma.

Karatasi alijishika kifundo cha mkono bila kujijua, na Euphrasie akabaki na birika hewani.

Lucien, aliendelea Adalbert, alisubiri munganga atoke kwenda chumba cha pili, akamtia Adalbert masikioni mipira yake ya kusikilizia, akambandika ile ya chini penye kunjo la mkono. Mwanzo ni kimya, kimya cha shimo. Upepo ukipungua, ghafla mtu anabisha hodi. Du. Du. Du. Ukizidi kupungua, sauti inafifia, halafu inapotea. Pale hodi inapoanza ndiyo namba ya juu. Pale inapopotea ndiyo namba ya chini.

— Miaka makumi ine na mbili huyu mutu iko mu nyumba yangu, akasema, na njo mara ya kwanza minasikia sauti yake.

— Na namba mbili ni za nini? akauliza Pompi. Mimi balinipima, bakaniandikia namba, na kuniambia tu iko bien, iko muzuri, nikaenda zangu.

Adalbert aliwapa maneno ya Lucien kama alivyoyapokea. Namba ya juu ni moyo unapokaza ngumi na kusukuma damu. Namba ya chini ni moyo unapoachia ngumi, unapopumzika, damu ikiwa bado kwenye mishipa.

Euphrasie hakukubali. Alisema yeye alizaa watoto saba, akazika mama yake, na katika siku zote hizo hakuona moyo ukipumzika.

— Inapumzika, maman. Katikati ya pigo na pigo. Lucien anasema ukiongeza vile vitambo vyote, kwa siku moja inapumzika kupita vile inatumika.

— Basi moyo inanishinda akili, akasema Euphrasie, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliye kanisani.

Adalbert akaitoa karatasi. Ilikuwa na jina lake, tarehe, na namba mbili zilizotenganishwa na mstari wa wino: 19 na 12. Ya Pompi, ambayo Pompi aliikumbuka kama watu wanavyokumbuka siku ya harusi, ilikuwa 12 na 8. Lucien alikuwa amemwambia Adalbert kwamba hiyo ya Pompi ndiyo namba ya mtu mzima mwenye afya, na kwamba moyo wenye kumi na tisa ni moyo unaosukuma mlango uliokazana. Unaweza kuusukuma miaka bila kulalamika. Mwenyewe asisikie kitu, au asikie kichwa tu kikiuma asubuhi. Halafu siku moja mshipa unapasuka, au moyo wenyewe unachoka. Akamwambia aache chumvi, apumzike, asibebe magunia. Aache hata makayabu, samaki wa chumvi ambaye Adalbert alimpenda kuliko nyama.

Kilichomtisha yeye, ingawa hakukisema pale, kilikuwa ile kumi na mbili ya chini. Kwenye mteremko wa Kamanyola njia ni ya gari moja. Kuna kizuizi juu na kizuizi chini, na kila kizuizi kina mtu na ngoma yake. Ya juu inalia kwamba gari inataka kushuka, na shofere anangoja mpaka ya chini ijibu kwamba njia ni tupu. Miaka kumi na mmoja Adalbert hakuwahi kuondoa gari kabla ngoma ya chini haijajibu. Na alipomsikiliza Lucien alielewa vizuri, kuliko alivyopenda kuelewa: namba ya chini ndiyo jibu la njia, na jibu lake lilikuwa kwamba njia haijawa tupu. Hata moyo unapopumzika, mle ndani bado kuna msongamano.

Lakini ubao ulikuwa hauwezi kukaa na hofu muda mrefu. Mizani alichukua karatasi, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu.

— Mimi sioni ubaya. Kumi na tisa na kumi na mbili, gani iko mingi? Mu depo gunia ya kilo mingi njo inasifiwa. Pua iko na moyo muzito. Munganga aliona wivu.

Pompi alimwambia upepo si kahawa. Mizani hakurudi nyuma, tena akapanda. Akasema kosa la munganga ni lile la wapimaji wote wachanga: hakutoa uzito wa gunia. Kwenye mizani unapima gunia na kahawa pamoja, kisha unatoa uzito wa gunia, ndipo unajua kahawa ni kiasi gani. Sasa shofere ambaye miaka kumi na mmoja ameshika usukani, mkono wake umeshaungana na kamyo. Walimpima Pua na kamyo yake. Watoe kamyo, wataona kinachobaki ni namba ya mtoto.

— Unatoa kamyo namna gani ku mukono? akauliza Karatasi.

— Hiyo ni kazi yao. Mimi ninaonyesha tu kosa.

Karatasi alifuta miwani. Alisema seminari aliona picha ya moyo ndani ya kitabu cha Padri, akatazama usiku kucha mpaka wakamnyang'anya. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Basi iko wazi: namba ya juu ni ya vyumba vya juu, namba ya chini ni ya vyumba vya chini. Vyumba vya juu vya Pua vina wapangaji wenye fujo.

— Ile Lucien alisema haiko vile, akasema Adalbert. Alisema ni kukaza na kuachia.

— Lucien ni enfirmie. Mimi niliona picha.

Hiyo ya picha iliwashika, maana ni kweli kwamba vyumba vinne vipo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufikiri kwamba anatembea na nyumba ya vyumba vinne kifuani, taa zimezimwa, kazi inaendelea. Mizani alijigusa titi la kushoto, akauliza kwa upole kama milango ipo. Karatasi akasema ipo, na inajifunga yenyewe kila damu inapopita. Hapo hata yeye aliyesema alionekana kuogopa.

Ndipo Pompi akasogea mbele. Pompi alikuwa mtu wa mikono, si wa maneno, na alimpenda Adalbert kwa mapenzi ya fundi kwa gari anayoijua. Alisema jambo hili ni lake, kwa sababu upepo ndani ya pine na damu ndani ya mshipa vyote ni msukumo. Akamuuliza Pua Alhamisi alipimwa saa ngapi. Adalbert akasema alitoka Uvira moja kwa moja, hakuingia hata nyumbani, akapanda ngazi za munganga mbio kwa sababu alichelewa.

— Umeona. Pine ikitoka mu joto ya Sange unaipimaka?

— Hapana. Inadanganya.

— Inadanganya. Unaingoja ilale, ikuwe baridi, njo unapima. Wewe balikupima moto.

Na hapo nakuambia, kwa kitambo kidogo, ubao ule ulikuwa umegusa ukweli, maana Lucien mwenyewe alikuwa ameandika ndani ya daftari lake kwamba mtu huyu apimwe tena akiwa ameketi na kutulia. Wangeishia hapo wangekuwa wameshinda siku. Lakini birika lilikuwa bado limejaa. Pompi akasema pine likizidi upepo unabonyeza valvu kidogo linapunguza, kwa hiyo Pua aende kwa mzee wa pembe ampige chuku mgongoni, damu itoke vikopo viwili. Mizani akasema vitatu. Karatasi akasema damu ikitoka moyo utakuta nyumba tupu, heri akae ziwani maji yamfike shingoni tangu alfajiri, maana baridi ya Kivu inanyamazisha hata mbwa. Walibishana juu ya ziwa na pembe mpaka Euphrasie akawaambia kwamba watamuua mtu kabla munganga hajamwona.

Katikati ya hayo akaja mwanamke mwenye kitenge kilichofifia, ana vumbi la njia miguuni, akasalimu.

— Jambo yenu, ba papa. Jambo, maman.

Aliitwa Eulalie, wa Sange. Alikuwa amempeleka mama yake mjini kumwona dada mgonjwa, na sasa wanarudi. Ameelekezwa kwamba hapa ataambiwa gari ya Pua inaondoka lini. Mama yake anaogopa mteremko tangu ujana, alisema, aliona kamyo ikianguka kwa macho yake. Amesema hapandi gari nyingine ila ya yule shofere wa pua, na kama hayupo atatembea kwa miguu. Na watoto wawili wapo.

Mizani alisimama, akavuta koti, akamwonyesha Adalbert kwa mkono wote.

— Huyu hapa, maman. Kesho kutwa, mapema. Wewe na mama yako mutakaa juu ya magunia kama malkia. Mimi nilikuwa mu gari siku ile. Kona ya tatu. Maji haijachemka bado, yeye anaisikia.

Eulalie alimwinamia Adalbert kichwa, kama anavyoinamiwa padri. Adalbert akatazama ndani ya kikopo chake. Euphrasie akamsogezea mgeni kikopo kisicho na mkono, na mgeni akakaa kwenye ncha ya ubao, akanywa kimya, maana ubao ulikuwa umerudi kwenye kazi yake.

Karatasi ndiye aliyepata njia ya kutokea. Alikuwa ameishika ile fiche, karatasi ya munganga, anaigeuza mbele na nyuma, na uso wake ukaanza kung'aa.

— Hii haina picha, akasema.

— Na ikose, akasema Mizani.

— Sikilizeni. Iko na jina, iko na tarehe, iko na namba. Sura hakuna. Munganga haangaliaka sura, mimi nilienda pale, anaangalia mukono na karatasi. Kesho mashofere batakuwa makumi mbili mu mustari. Pua anabaki kwake. Mutu mwenye mukono muzuri anaingia na karatasi ya Pua.

Wote wakageuka kumtazama Pompi.

Pompi aliweka kikopo chini. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akakunja mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka juu ya kiwiko, akaunyosha mkono ule mweusi wenye mafuta ya gari yasiyotoka kwenye kucha, akauweka juu ya goti la Adalbert.

— Kumi na mbili, nane, akasema. Uchukue.

Niseme ukweli, hakuna kitu kizuri zaidi kilichotokea kwenye ubao ule. Mizani alitokwa na machozi, akasingizia moshi. Walipanga kila kitu. Pompi atavaa koti la Adalbert. Lucien atajua, lakini Lucien ni mtu wa kwao, atafumba macho. Pompi atakaa kwanza, atatulia, ili mkono uwe baridi. Namba itashuka kutoka kumi na tisa mpaka kumi na mbili ndani ya siku nne, munganga atashangaa, pengine ataandika Ubelgiji. Jumanne kamyo itashuka kama kawaida. Na Adalbert, akiwa ameutazama mkono wa rafiki yake juu ya goti lake, alisikia kitu kikimlegea kifuani. Aliona usukani. Aliona kiti cha mlinzi kikiondoka mbele yake. Alitaka sana kukubali, na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuinama.

Eulalie alikuwa amemaliza kahawa. Alikiweka kikopo chini, akasubiri wanyamaze, kama mwanamke aliyefundishwa kutokata maneno ya wanaume. Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua, ili akamweleze mama yake.

— Papa Pompi, munisamehe, minaomba kuuliza. Kesho kutwa, tukifika ku mteremko, ule mukono yako itakuwa mu gari pia?

Pompi aliondoa mkono kwenye goti la rafiki yake. Akautazama mkono wake, akautazama tena. Mizani aligeuka kwa Karatasi, mtu wa vitabu, na Karatasi alikuwa amevua miwani na bila miwani alionekana mdogo. Mkaa ulipasuka kwenye mbabula. Euphrasie akainamisha birika juu ya kikopo cha Mizani na likatoka tone, na lingine, na basi.

— Kawa imeisha, akasema.

Hakuna aliyelalamika.

Adalbert aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, kama Lucien alivyomfundisha. Yule mtu wa ndani alikuwamo. Alikuwa anabisha hodi, kwa nguvu, bila hasira, kama alivyobisha tangu kabla yeye hajazaliwa, kama alivyobisha siku ile kwenye kona ya tatu wakati macho yamezimika na watu thelathini wamekaa juu ya magunia wakiimba. Hata giza lile halikumsimamisha. Ilimjia huruma juu ya kitu hicho ambacho hakijawahi kumwomba chochote. Akangoja. Alingoja kama anavyongoja kizuizini, ngoma ya chini ijibu, na jibu alilijua.

— Maman Eulalie, akasema, mwambie mama yako asipande gari yangu.

— Juu ya nini, papa?

Hakumjibu yeye. Alimgeukia Mizani, na alipomwita alimwita kwa jina ambalo kwenye ubao ule halikuwahi kutamkwa.

— Constantin. Siku ile ku kona ya tatu, radiatere haikukuwa na kitu. Macho yangu njo ilizimika. Sikuona njia. Nilifunga breki mu giza.

Mizani alibaki anamtazama. Unaweza kumwona anairudia safari yote, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, jiwe alilokalia rafiki yake, boneti wazi, na hakuna mvuke. Kicheko chake cha siku ile. Shimo lililokuwa upande wa pili. Aliweka mkono kinywani.

Eulalie alisimama, akafunga kitenge vizuri. Alisema asante, papa, na aliisema kama mtu aliyepewa kitu. Kisha akaenda kumtafuta mama yake, na walimwona akitembea polepole kuteremka, akichagua mahali pa kukanyaga.

Pompi aliukunjua mkono wa shati, mara tatu, mara mbili, mara moja, akafunga kifungo.

— Kesho nitakusindikiza, akasema. Tutaenda mapema, utakaa, utatulia, ukuwe baridi. Na utaingia na mukono yako.

Adalbert akasema ndiyo. Alichukua karatasi kutoka kwa Karatasi, akaikunja, akairudisha mfukoni, na safari hii hakuugusa tena mfuko. Mizani ndiye aliyekuwa hajapona. Alikuwa amempa mtu jina, likashikwa na Kadutu nzima, na Sange, na Uvira, na sasa jina limebaki mikononi mwake halina pa kuwekwa.

— Sasa tutakuwa tunakuita nani? akauliza.

Euphrasie alikuwa anamwaga majivu pembeni mwa njia. Hakuinua kichwa.

— Adalbert, akasema. Iko na jina.